Ni nani hasa wanaouendesha mtandao wa Tor, na mtu wa huku kwetu anaweza kuchangia nini?

Mwanaidi_Maktaba (Morogoro)

Habari zenu wanajukwaa.

Ninafanya kazi katika maktaba moja hapa Morogoro, na sehemu ya kazi yangu ni kuwasaidia wasomaji wanaotumia kompyuta za umma. Katika miezi ya karibuni wasomaji kadhaa, wakiwemo waandishi wa habari wa kujitegemea na wanafunzi wanaotafiti masuala nyeti ya kijamii, wameniuliza kama kivinjari cha Tor, kinachoficha anakotoka anayekitumia kwenye intaneti, kinaaminika. Kukipakua na kukitumia najua. Ninapotaka kumshauri mtu akitegemee ndipo ninaposita, kwa sababu sijui ni akina nani hao ambao mawasiliano ya msomaji wangu hupita mikononi mwao.

Nimesoma kwamba mtandao mzima huendeshwa na watu wa kujitolea, na kwamba wengi wao hawafahamiki hata kwa majina. Ninaelewa mtu anapojitolea kufundisha watoto au kuchangia damu, maana anamwona anayefaidika. Lakini kulipia seva mwezi baada ya mwezi ili mtu usiyemjua apitishe mawasiliano usiyoyaona ni jambo ambalo bado sijalielewa, na sitaki kumwambia msomaji "tumia hiki" wakati mimi mwenyewe sina jibu akiniuliza kwa nini hao watu wanafanya hivyo. Ningependa pia kujua kama mtu aliye Tanzania anaweza kuchangia kitu cha maana bila kuiingiza familia yake au mwajiri wake matatani.

Natanguliza shukrani.

---

Kahawa_Leipzig

Dada Mwanaidi, shikamoo kama umenizidi umri, na habari za kazi kama tu rika moja. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leipzig, Ujerumani, na ni mwanachama wa chama kidogo kinachoendesha vituo vya Tor, yaani kompyuta zinazopokezana mawasiliano ya watumiaji, kwa hiyo nitaanzia pale ninapopajua kwa karibu.

Kuna makundi mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni shirika lenyewe, Tor Project, lililosajiliwa Marekani mwaka 2006 kama shirika lisilo la faida. Hilo ndilo linaloandika programu na kutoa kivinjari unachokijua. Ni shirika dogo kuliko watu wanavyodhani: Aprili 2020, michango ilipopungua kwa sababu ya korona, liliwaachisha kazi watu 13 likabaki na 22. Kundi la pili ni waendeshaji wa vituo, yaani watu binafsi, vyama, vyuo vikuu na hata maktaba, ambao hawaajiriwi wala hawalipwi na shirika hilo. Mashine zinazopitisha mawasiliano ya wasomaji wako ni za hao wa kundi la pili, na ndiyo maana shirika likifilisika kesho asubuhi vituo havitazimika mchana.

Wazo lenyewe lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, ambako David Goldschlag, Michael Reed na Paul Syverson walikuwa wakitafuta namna ya mtu kutumia intaneti bila anayechungulia njiani kujua nani anazungumza na nani. Baadaye Roger Dingledine na Nick Mathewson walijiunga na Syverson, na Oktoba 2002 mtandao ukawashwa huku msimbo wake (maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo) ukitolewa kwa leseni huria. Hadi mwisho wa mwaka 2003 ulikuwa na vituo kama kumi na viwili tu, karibu vyote Marekani na kimoja Ujerumani. Leo ni zaidi ya 6,000. Watu wa kujitolea walihitajika tangu mwanzo kwa sababu ya kiufundi kabisa: mtandao wa kuficha utambulisho ukitumiwa na wanajeshi peke yao haumfichi mwanajeshi yeyote, kwa kuwa kila anayeonekana akitokea humo anajulikana moja kwa moja kuwa ni wa jeshi. Ili mmoja afichike ni lazima wawemo wengi wasiofanana naye, na mashine zinazowabeba zisiwe za mwenye mamlaka mmoja.

Sasa kuhusu mikono ya nani. Msomaji wako anapofungua ukurasa, kivinjari huchagua vituo vitatu. Cha kuingilia kinaiona anwani ya IP ya maktaba yako, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti, lakini hakijui msomaji anakwenda wapi. Cha kati kinawajua majirani zake wawili basi. Cha kutokea kinaiona tovuti inayotembelewa lakini hakijui aliyeiomba. Ni kama barua iliyotiwa katika bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, ambapo kila anayeipokea ana uwezo wa kufungua bahasha yake tu. Zaidi ya hapo, programu haichagui katika safari moja vituo viwili vilivyotangazwa kuwa vya mwendeshaji mmoja, wala vituo viwili vyenye anwani za IP za mtaa mmoja wa mtandao. Kwa hiyo huhitaji kumwamini mtu fulani. Mfumo umejengwa kwa kutarajia kwamba mmoja kati ya hao watatu anaweza kuwa mtu mbaya, na kwamba hata hivyo hatapata picha nzima.

Kazi yetu ya kila siku haina mvuto wa kusimulia, lakini umeuliza nami nitakueleza. Tuna seva tuliyoikodi katika kituo cha data, na ndani yake kuna faili la mipangilio liitwalo torrc lenye mistari michache: jina la kituo, mlango wa mawasiliano, namna ya kumpata mwendeshaji, na mstari unaosema ExitRelay 0, ambao unakizuia kituo kisiwe cha kutokea. Kituo kinatakiwa kiwe na kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde kwenda na kurudi, na kiruhusiwe kupitisha angalau gigabaiti 100 kwa mwezi kila upande. Ukishakiwasha usitarajie foleni. Kwa siku tatu za mwanzo karibu hakuna anayepita, kwa sababu mtandao bado haujakipima. Kisha huja vipimo kutoka nje, na kuanzia kama siku ya nane kasi inapanda. Baadaye kikionekana ni imara hupewa hadhi ya kuwa kituo cha kuingilia, na hapo wageni wapya huwa wanapungua kwa muda kwa sababu programu za watumiaji hukikwepa kama kituo cha kati. Inachukua zaidi ya miezi miwili hadi kitulie. Muda wote huo mwendeshaji haoni jina la mtu wala tovuti. Anachokiona ni mchoro wa kiasi cha data kilichopita, pamoja na taarifa za usalama zinazomtaka aisasishe programu.

Umeuliza kinachowasukuma. Katika chama chetu kila mtu ana lake. Wawili ni mafundi wa mitandao wanaoona kwamba ujuzi wao unapaswa kuwa na faida nje ya kazi ya mshahara. Mwanachama mwingine alikulia hapa Leipzig enzi za Ujerumani Mashariki, katika nyumba ambayo barua zake zilifunguliwa na Stasi, polisi wa siri wa enzi hizo, kabla ya kufika, na yeye hajawahi kuhitaji kuelezwa kwa nini mtu asiye na hatia anataka faragha. Mimi nilianza kwa sababu nina ndugu na marafiki nyumbani ambao intaneti yao imewahi kufungwa wakati wa uchaguzi, na hapa nilipo megabiti ni za bei nafuu. Kwangu ni jambo la haki: ninacho nisichokitumia, na kuna anayekihitaji.

---

Sheria_na_Mtandao (Nairobi)

Ndugu wa Leipzig ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa sheria, kwa sababu hapo ndipo Dada Mwanaidi alipouliza kwa uzito zaidi.

Vituo havilingani kwa hatari. Anayeendesha kituo cha kuingilia au cha kati kwa kawaida hasumbuliwi, kwani anwani yake ya IP haionekani kwenye tovuti yoyote inayotembelewa. Anayeendesha kituo cha kutokea ndiye anayebeba mzigo, maana mtu akifanya uhalifu kupitia Tor, anwani itakayoonekana kwenye kumbukumbu za tovuti ni ya kwake. Aprili 2017 mwalimu wa hisabati mjini Moscow aliyekuwa akiendesha kituo cha kutokea alikamatwa kwa sababu ya ujumbe wa uchochezi uliopitia anwani yake, akakaa mahabusu na kisha kizuizini nyumbani, ingawa mashtaka yalikuja kufutwa mwaka uliofuata. Nchini Ujerumani, Juni 2018, polisi walipekua nyumba za viongozi wa chama kiitwacho Zwiebelfreunde, ambacho husaidia vituo vya Tor, na hao hawakuwa hata watuhumiwa. Polisi walikuwa wakimtafuta mtu mwingine aliyetumia anwani ya barua pepe ya kikundi ambacho chama hicho kilikuwa kikikipokelea michango. Baadaye mahakama mjini Munich iliamua kwamba upekuzi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Ninayataja haya mawili kwa pamoja kwa sababu yanaonyesha kwamba hata palipo na mahakama zinazosikiliza, haki huja baada ya mlango kuvunjwa na kompyuta kubebwa.

Ndiyo maana ushauri wa waendeshaji wazoefu kwa miaka mingi umekuwa kwamba usiendeshe kituo cha kutokea nyumbani kwako. Kinaendeshwa katika kituo cha data, kwa jina la chama au taasisi, mtoa huduma akiwa ameambiwa mapema, na kwenye anwani hiyo hiyo pakiwa na ukurasa unaomweleza anayechunguza kwamba hiki ni kituo cha Tor na hakihifadhi kumbukumbu za wapitao. Nchini Ufaransa kuna chama cha Nos oignons na Sweden kuna DFRI, vyote vimeundwa kwa mtindo huo, ili barua ya polisi ikija ijibiwe na chama chenye mwanasheria badala ya mama wa nyumbani aliyeshtushwa saa kumi na moja alfajiri.

Kwa upande wa Tanzania, ni lazima usome kanuni kabla ya kuwasha chochote. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia nyenzo au programu inayomwezesha mtu kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva za kampuni moja) watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Tor si VPN, lakini mimi nisingependa kuwa mtu wa kwanza kuieleza mahakama tofauti hiyo, na sidhani kama wewe ungependa. Ushauri wangu ni kwamba usiendeshe kituo cha kutokea Tanzania, iwe nyumbani au kazini.

Kwa kuwa unafanya kazi maktaba, kisa kimoja kitakufaa. Mwaka 2015 maktaba ya Kilton katika mji wa Lebanon, jimbo la New Hampshire, Marekani, iliwasha kituo cha kati kwa msaada wa mradi wa Library Freedom Project, ulioanzishwa na mkutubi Alison Macrina. Taarifa zikafika kwa maofisa wa usalama wa ndani wa Marekani, nao wakawasiliana na polisi wa mji, na maktaba ikakizima kituo kwa muda. Tarehe 15 Septemba mwaka huo bodi ya maktaba ilikaa, wakazi wakaja kuzungumza, na kituo kikawashwa tena. Zingatia mpangilio wa mambo: uongozi ulihusishwa, jamii ikasikilizwa, na uamuzi ukatolewa hadharani na chombo chenye mamlaka. Mkutubi hakuachwa peke yake.

---

Mwanaidi_Maktaba (Morogoro)

Nimewasoma wote wawili kwa makini, nawashukuru sana. Kisa cha maktaba ya Kilton sikukijua, na nimekisoma mara mbili.

Nina swali la nyongeza. Nimeona kuna kitu kiitwacho Snowflake ambacho mtu hukiongeza kwenye kivinjari cha kawaida, naye anakuwa mchangiaji bila seva yoyote. Je, ni salama kukiweka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani? Na je, kinaweza kuwekwa kwenye kompyuta za maktaba?

---

Shaweji wa Tanga

Ndugu zangu, mimi nilikuwa fundi wa simu kwa miaka mingi na ninapenda mradi huu ufanikiwe, lakini naona tunamweleza dada huyu mazuri matupu. Msomaji wake anaweza kumuuliza mambo mawili, na anastahili majibu ya wazi.

La kwanza ni fedha. Kitu kilichozaliwa katika maabara ya jeshi, na ambacho kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bajeti yake imetoka katika taasisi za serikali ya Marekani, tutamwambiaje mwandishi wa habari kwamba ni cha watu wa kujitolea? Anayemlipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo.

La pili ni hilo la kutojulikana. Ikiwa mtu yeyote anaweza kuwasha kituo bila kuonyesha kitambulisho, basi na jasusi anaweza, na mwizi anaweza, tena jasusi ana fedha za kuwasha mia kwa mara moja wakati mtu wa kujitolea anahesabu senti za kuwasha kimoja.

---

Kahawa_Leipzig

Mzee Shaweji, shikamoo. Maswali yako ndiyo ambayo sisi wenyewe huulizana kwenye mikutano yetu, na sitayapunguza uzito.

Kuhusu fedha, ni kweli tupu. Shirika huchapisha hesabu zake zilizokaguliwa kila mwaka, na mtu akizisoma ataona jinsi lilivyoitegemea serikali ya Marekani, na pia jinsi sehemu hiyo ilivyopungua katika miaka ya karibuni kadiri michango ya watu binafsi na wafadhili wengine, kwa mfano shirika la misaada la Sweden, Sida, ilivyoongezeka. Binafsi ningependa ipungue zaidi. Utegemezi huo una hatari kuu ya njaa: mfadhili mmoja mkubwa akibadili sera, mafundi wanaondoka. Kama hofu ni mlango wa siri ndani ya programu, kinga yake ni wachangiaji. Msimbo wote uko wazi, na kivinjari cha Tor tangu mwaka 2013 hutengenezwa kwa utaratibu ambao watu tofauti, kila mmoja kwenye mashine yake, wanaugeuza msimbo ule ule kuwa programu na kupata faili lile lile, biti kwa biti. Mmoja akipachika kitu kwa siri, faili lake halitafanana na la wenzake, naye ataulizwa. Hapo anayelipa hawezi kuchagua wimbo bila wengine kuusikia.

Kuhusu majasusi na wezi, hayo yameshatokea, na zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 kundi la vituo 115 liliingia katika mtandao mwishoni mwa Januari, likajaribu kuwatambua watu wanaotembelea huduma zilizofichwa, yaani tovuti zinazopatikana ndani ya Tor tu, na likaondolewa tarehe 4 Julai. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano, na kwa mtu aliyekuwa katika hatari muda huo ni mrefu mno. Mwaka 2020 mtu au kikundi kimoja kilifikia hatua ya kumiliki zaidi ya asilimia 23 ya uwezo wa vituo vya kutokea, kikitumia nafasi hiyo kuondoa ulinzi wa HTTPS (unaofunga mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yasisomwe njiani) kwa watumiaji waliokuwa wakihamisha sarafu za kidijitali na kuwaibia. Aliyelifichua jambo hilo ni mtafiti wa kujitolea anayejulikana kwa jina la bandia tu, nusenu, aliyekuwa akichunguza mienendo ya vituo kwa miaka. Natamani watu walifikirie hilo kabla ya kusema kwamba kutojulikana ni kasoro, kwa sababu mtu asiyejulikana ndiye aliyewakamata wasiojulikana.

Kilichobadilika baada ya hapo ni hiki. Tangu Julai 2022 kivinjari hukataa chenyewe kufungua tovuti isiyo na HTTPS mpaka mtumiaji akubali, hivyo wizi wa namna ile umekuwa mgumu sana. Orodha ya vituo nayo haiko mikononi mwa shirika peke yake. Kuna seva tisa za mamlaka, zinazoendeshwa na watu na taasisi mbalimbali Amerika Kaskazini na Ulaya, na kila saa hupiga kura kuhusu vituo vipi vimo na vina hadhi gani. Kituo kisichokubaliwa na wengi wao hakimo. Wakigundua kundi la vituo vyenye mwenendo wa kutia shaka, wanakubaliana kuvitoa. Hao tisa wanajulikana, tofauti na waendeshaji wa kawaida, kwa sababu nafasi yao inahitaji kuaminika, na katika mradi mzima hapo ndipo pekee ambapo imani imewekwa kwa watu wachache waziwazi.

Ila sehemu ya pili ya hoja yako, Mzee wangu, kwamba mwenye fedha anawasha mia wakati sisi tunahangaika na kimoja, hiyo sina dawa yake isipokuwa wingi wa watu wema. Na hapo kuna jambo linaloniuma. Uwezo mkubwa wa mtandao umelundikana Ujerumani, Marekani, Uholanzi na nchi chache jirani zao, tena ndani ya kampuni chache za kukodisha seva. Afrika nzima ina vituo vichache mno. Sababu zinaeleweka, kwa sababu data kwetu ni ghali na sheria zina utata, lakini matokeo yake ni kwamba mawasiliano ya mtu wa Morogoro anayesoma gazeti la Dar es Salaam huzunguka Ulaya na kurudi, na anayeweza kuchungulia kebo za Ulaya anapata nafasi ambayo asingeipata kama vituo vingetapakaa zaidi.

---

Zuhura_Pwani (Mombasa)

Dada Mwanaidi, naomba nijibu swali lako la Snowflake, kwa kuwa ninaitumia na pia ninashiriki katika tafsiri.

Snowflake imo katika toleo imara la kivinjari cha Tor tangu mwaka 2021. Iliundwa kwa ajili ya watu walio katika nchi zinazoifunga Tor. Serikali inaweza kuipata orodha ya vituo vya kawaida na kuvifunga vyote, kwa sababu orodha hiyo ni ya hadharani. Lakini ni vigumu kufunga maelfu ya vivinjari vya watu wa kawaida vinavyowashwa na kuzimwa kila saa, vyenye anwani zinazobadilika, na ambavyo mawasiliano yao yanafanana na simu ya video. Septemba 2022, maandamano yalipoanza Iran na mitandao ya kijamii ikafungwa, idadi ya waliokuwa wakipitia Snowflake ilipanda kwa kasi kubwa, na waliowabeba walikuwa watu walioacha kivinjari wazi sebuleni kwao upande mwingine wa dunia.

Kwa usalama wako, jambo la kufahamu ni kwamba mtu anayepitia kwako hatokei kwako. Kompyuta yako inampokea na kumpeleka kwenye daraja la Tor, yaani kituo cha kuingilia kisichomo katika ile orodha ya hadharani, na kutoka hapo anaendelea na safari ya kawaida hadi kituo cha kutokea, ambacho hakikuhusu. Anwani yako haitaonekana kwenye tovuti anayoitembelea, na wewe huoni anachofanya.

Pamoja na hayo nakushauri usifanye haraka. Kwanza, inakula bando, na kwa mtu anayenunua gigabaiti kwa wiki haifai kabisa. Inafaa kwa aliye na intaneti ya kebo isiyo na kikomo. Pili, nchi ikiifunga Tor, Snowflake ya mtu aliye ndani ya nchi hiyo haimsaidii jirani yake, maana nayo inakwama pale pale. Kwa hiyo siku Tanzania au Uganda inapofunga mambo, wenye nafasi ya kusaidia ni jamaa zetu walio Ulaya, Amerika Kaskazini na kwingineko. Mimi hapa Mombasa huwa naiwasha, na kaka yangu aliye Toronto nimemwekea kwenye kompyuta yake. Tatu, kompyuta za maktaba si zako. Ndugu wa Nairobi ameshakuonyesha njia ya Kilton. Bila kibali cha maandishi cha uongozi usiweke kitu.

Kuna kazi nyingine ambazo hazigusi mawasiliano ya mtu yeyote. Kuna OONI, mradi ulioanzia ndani ya Tor mwaka 2012, ambao watu wa kujitolea hupima kwa simu zao ni tovuti na programu zipi zimefungwa katika nchi yao. Vipimo vya watu wa Tanzania ndivyo vilivyouonyesha ulimwengu kilichofungwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020. Huo nao una tahadhari yake: matokeo huchapishwa hadharani pamoja na jina la kampuni ya mtandao unaoutumia, na anayefuatilia laini yako anaweza kuona kwamba umepima, kwa hiyo mtu aamue akijua.

Kazi ninayoipenda zaidi ni tafsiri. Tangu mwaka 2022 tafsiri za mradi zinafanyika Weblate, ambapo unajiandikisha, unachagua Kiswahili, na unapewa sentensi moja moja. Sentensi nyingine zina alama za kompyuta ndani yake ambazo hutakiwi kuzigusa, kwa sababu programu huweka hapo jina au namba, na ukiifuta moja ukurasa unaharibika. Upungufu mkubwa tulionao ni wa wahakiki. Sentensi inayomwambia mtu abonyeze wapi ili apate daraja ikikosewa, mtu aliye katika hali ngumu atabonyeza pasipotakiwa, na hatakuwa na wa kumuuliza. Tunahitaji watu wanaokaa na wasomaji wa kawaida kila siku na kujua mahali wanapokwama. Wewe unakaa nao, Dada. Kama uko tayari kusoma kurasa za msaada pamoja na wasomaji wako wawili watatu na kutuandikia kila sentensi iliyowachanganya, huo ni mchango ambao mafundi wa Leipzig hawawezi kuutoa, na hauhitaji hata kutaja jina lako, kwani mradi una mlango maalumu wa kupokea hoja kutoka kwa watu wasiotaka kujitambulisha.

Kuhusu jibu la kumpa msomaji wako, mimi huwaeleza watu hivi: apakue kivinjari kutoka tovuti ya mradi wenyewe, asiingie kwenye akaunti yenye jina lake halisi akidhani bado hajulikani, asifungue faili alilolipakua wakati bado yuko kwenye intaneti, na aelewe kwamba Tor inaficha anakotoka, haifichi anachokiandika mwenyewe. Akiuliza ni akina nani wanaoiendesha, mwambie ni watu kama wale wa Kilton na kama ndugu yetu wa Leipzig, na kwamba hakuna hata mmoja wao anayeiona picha nzima.

---

Mwanaidi_Maktaba (Morogoro)

Nimeelewa, na ninakubali kazi ya kurasa za msaada. Nitaanza na ukurasa wa madaraja, kwa sababu ndio unaoulizwa zaidi hapa. Dada Zuhura, naomba uniambie ni mahali gani pa kuwasilisha sentensi zinazochanganya: ni ndani ya Weblate pale pale, au kwenye ule mlango wa wasiojitambulisha?

---

Zuhura_Pwani (Mombasa)

Kama ni kosa la Kiswahili, andika maoni chini ya sentensi husika ndani ya Weblate, nasi wahakiki tutayaona siku hiyo hiyo au kesho yake. Kama tatizo limo katika maandishi ya asili yenyewe, yaani hata aliyeyasoma kwa lugha yake ya kwanza angechanganyikiwa, tumia ule mlango, na ueleze msomaji alikuwa anajaribu kufanya nini alipokwama. Usitaje jina la msomaji wala la maktaba.